Wingi wa Kura na Dhamiri ya Mmoja

Je, wingi wa kura hugeuza mzigo kuwa haki? Tarehe 22 Septemba 2013, raia wa Uswisi waliulizwa kama utumishi wa lazima jeshini ufutwe. Yapata 73 katika kila 100 ya waliopiga kura walikataa. Walakini miongoni mwao walikuwamo wazee na wanawake, ambao sheria hiyo haiwaiti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Hata hivyo, tangu mwaka 1996, kijana ambaye dhamiri yake haikubali silaha huruhusiwa kutumika hospitalini au shambani, kwa muda mara moja na nusu ya ule wa askari. Hapo haki yaonekana: wengi waweza kuamuru mikono ya kijana, dhamiri yake hawaimiliki.