Sadaka ya Mbegu

Liko swali linalowasumbua watu wenye moyo mwema. Je, ni haki tajiri atoe mali nyingi ili wataalamu wachunguze mambo ambayo faida yake haijaonekana, na huku maskini wanalala njaa? Wengi watajibu upesi: "Si haki. Kwanza chakula, kwanza dawa." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halimalizi neno. Tutazame kwanza yaliyotokea kwa jirani zetu, ndipo tuamue.

Mwaka 1913 tajiri mmoja wa mafuta huko Marekani, John D. Rockefeller, alianzisha mfuko wa hisani wenye jina lake, makao yake mjini New York. Mwaka 1936 mfuko huo ulianzisha nyumba ya uchunguzi huko Entebbe, katika Uganda, kwa ajili ya homa ya manjano. Wataalamu wake walizunguka vijijini na misituni, wakakamata mbu, wakapima damu ya watu na ya kima. Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile, ng'ambo tu ya mpaka wa Ituri yetu, ilichukuliwa damu ya mwanamke mmoja mwenye homa. Hawakukuta homa ya manjano. Walikuta kirusi kingine kisichojulikana na mtu. Wakakipa jina la wilaya ile, wakaandika habari zake. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, wakakuta kingine tena katika damu ya kima. Nacho wakakiandika.

Mtu aliyepita hapo siku zile angaliona mabwana wenye elimu wakihesabu mbu, naye angaliuliza: "Fedha hizi zingalijenga zahanati ngapi?" Wala asingalikosa sababu ya kuuliza.

Lakini tazama mwisho wake. Mwaka 1999 ndege na watu walianza kuugua na kufa New York. Kwanza madaktari walidhani ni ugonjwa mwingine. Walipochunguza zaidi, kumbe ni kirusi cha West Nile, ambacho habari zake zilikuwa zimekwisha andikwa tangu zamani. Mji ule ule zilikotoka fedha ndio uliofaidiwa na damu ya mwanamke wa mpakani kwetu. Tena mwaka 2015 homa ya Zika ilienea Brazil, ikawadhuru watoto tumboni mwa mama zao. Nayo ilikuwa na jina vitabuni. Waliotoa fedha mwaka 1936 hawakuweza kuyajua hayo.

Basi, tupambanue sadaka mbili. Iko sadaka ya chakula, na haki yake ni ya kwanza: mwenye njaa aliye mlangoni hawezi kuambiwa angoje miaka 60. Lakini iko na sadaka ya mbegu. Mkulima mwenye akili, hata mwaka wa njaa, hawaachi watoto wale mahindi yote. Huning'iniza masuke machache juu ya moshi wa jiko, akayalinda. Huo si ukatili. Nyumba inayokula mbegu leo italia msimu ujao. Anayelipia ujuzi hutoa sadaka ya namna hii, nayo ni ngumu, kwa kuwa pengine atakufa kabla ya kuona jani moja.

Hata zawadi za wataalamu huchelewa. Mwaka 1976 Daktari Jean-Jacques Muyembe alifika hospitali ya misioni ya Yambuku, akachukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Ugonjwa ule ndio ulioitwa baadaye Ebola. Mfuko wa Mérieux wa Ufaransa ulimpa tuzo yake mwaka 2015, miaka 39 imekwisha pita.

Hapa linatokea neno la haki, wala tusilipite. Mwaka 1927, katika nchi iitwayo leo Ghana, wataalamu wa mfuko wa Rockefeller walichukua damu ya mgonjwa mmoja jina lake Asibi. Kirusi kilichotoka mwilini mwake ndicho Max Theiler alichokidhoofisha hata akapata chanjo ya homa ya manjano mwaka 1937. Mwaka 1951 Theiler alipewa tuzo ya Nobel. Asibi hakupewa. Na Ebola ilipotushika Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 hata Juni 2020, ikaua watu 2,287; na mojawapo ya dawa zilizosaidia ilipatikana kwa damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Tajiri alitoa ziada yake. Hao walitoa mishipani mwao. Ni nani aliyetoa zaidi?

Sisi wa Nizi neno hili twalielewa bila kufundishwa. Tangu mwanzo wa karne ya 20 dhahabu hutoka chini ya miguu yetu, ikaenda zake. Kwa hiyo twasema: kulipia ujuzi ni sadaka ya kweli, lakini sadaka haifuti deni. Tunda sharti lirudi mahali mbegu ilipochukuliwa. Dawa ifike kwa wenye damu ile, na watoto wao wafundishwe kazi ile. Nyumba ya Entebbe leo ni ya Waganda wenyewe. Mwaka 2019 Ebola ilipovuka kutoka Kongo ikaingia Kasese, wao ndio walioitambua. Hapo tunda limerudi.

Nasi je, tungoje tajiri wa ng'ambo? Mchimbaji akipata dhahabu hununua pikipiki, hununua bia, wala hakuna amshangaaye. Mwingine akimlipia karo binti wa jirani anayeuliza mbu huzaliwa wapi, watu watasema amepoteza mali. Waache waseme. Yeye ametunza masuke juu ya moshi.