Kujua kwa Kuambiwa na Kujua kwa Kupima

Mwanafunzi wa kemia hupata maarifa kwa njia mbili: kuambiwa na kupima. Swali la kale la falsafa ni kama aliyeambiwa anajua kweli, au anaamini tu. John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alishikilia kwamba rai za wengine, hata zikiwa sahihi, hazimfanyi mtu kuwa mjuzi. Thomas Reid wa Uskoti, katika kitabu cha 1764, alishika upande mwingine: kuiamini kauli ya mwenzako ni tabia ya asili, na bila hiyo mtoto asingejifunza lolote.

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania swali hili hujitokeza kwenye somo la mwanzo kabisa. Kitabu kinasema maji safi huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Mji wa Mbeya, ilipo Shule ya Wasichana Loleza, uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Iringa, yenye shule yake ya wasichana, iko mita 1,600 hivi. Msichana akichemsha maji huko, zebaki ya kipimajoto hupanda, kisha husimama kwenye nyuzi 94 au 95, na haisogei tena hata moto ukiongezwa.

Hapo ana njia tatu. Ya kwanza ni kuandika 100 kwa sababu kitabu kimesema. Wanafunzi huita hivyo kupika data. Ya pili ni kukikataa kitabu. Ya tatu ni kuchunguza. Hutumbukiza kipimajoto kwenye barafu inayoyeyuka: kikisoma sifuri, kwa upande huo ni kizima. Hulinganisha usomaji wake na wa wenzake. Kisha huuliza kitabu kilipima wapi. Jibu ni usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mkubwa zaidi. Nyanda za juu hewa hukandamiza kidogo, na maji huchemka mapema. Ndiyo maana maharage ya bweni Mbeya huchukua muda mrefu jikoni kuliko ya Dar es Salaam. Mashahidi wote wawili, kitabu na kipimajoto, wamesema kweli, ila mmoja hakutaja sharti lake.

Kupika data, kwa hiyo, ni zaidi ya kosa la mtihani. Ni ushahidi wa uongo, uliokatazwa katika Ukristo na katika Uislamu, na anayeutoa hujidhulumu mwenyewe kwanza, kwa kuwa amelinyamazisha jicho lake. Kwa msichana hasara hiyo ni nzito. Wengi wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na sekondari huwafundisha kwa Kiingereza baada ya miaka ya msingi waliyosoma kwa Kiswahili, hivyo ni rahisi kukariri sentensi isiyoeleweka. Katika shule ya wasichana watupu hakuna mvulana wa kuachiwa bureti. Msichana mwenyewe hufungua koki, hudondosha asidi tone kwa tone ndani ya alkali yenye kiashirio cha methili orenji, na kufunga pale rangi ya njano inapogeuka ya machungwa. Tarakimu anayoiandika ni ushuhuda wake.

Hata hivyo, kupima kuna mpaka. Hakuna darasa litakalohesabu chembe za moli moja, ambazo ni 6.02 × 10²³, wala kuiona atomu kwa macho. Mengi ya kemia yatabaki maneno ya kuambiwa. Hapa Reid ana haki, lakini kwa sharti: imani inayofaa ni ile ya mtu aliyewahi kumjaribu shahidi katika mambo yanayopimika na kumkuta mkweli. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, 1967, ilidai yote mawili: akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine huku mtu akichagua la kupokea na la kukataa.

Wajibu wa walimu, wakiwemo wanaoandaliwa tangu 2005 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, unatokana na hayo. Wanapaswa kutenganisha waziwazi yanayopimika na yanayopokewa, kueleza yanayopokewa yalithibitishwaje, na kutoa alama zaidi kwa 94 iliyosomwa kwa uaminifu kuliko kwa 100 iliyonakiliwa.