Jengo Lisilojengwa



Tangu Padre atangaze baada ya Misa kwamba wako watu wanaotaka kujenga jengo la ghorofa la maduka kwenye uwanja wa kanisa, pale penye mkuyu, maneno yamekuwa mengi. Wengine wasema tumepata bahati, wengine wasema tumeuzwa. Sisi hatuandiki ili kumwambia mtu anyoshe mkono upande gani siku ya mkutano. Ila ubishi huu umetukumbusha swali tulilolibeba muda mrefu: mtu akizuia jengo lisijengwe, amefanya kazi gani? Aliyejenga huonyesha ukuta. Aliyezuia ataonyesha nini?

Mwaka 1989 tulikuwa walimu vijana, tumetoka chuo cha ualimu miaka michache tu. Jioni tulikaa tukisahihisha madaftari huku redio ikilia, na stesheni za Nairobi zilisikika vizuri huku milimani. Ndivyo tulivyopata habari ya mnara wa Uhuru Park. Chama cha KANU na gazeti lake la Kenya Times, kwa ubia na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, walikusudia kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ile ya katikati ya mji. Waliofika Nairobi wanalijua jumba la mikutano la Kenyatta, lililofunguliwa mwaka 1973, nalo lina ghorofa 28 tu. Hili jipya lingekuwa na ofisi za chama, gazeti, kumbi, maduka, mahali pa kuweka magari 2,000, na tena sanamu kubwa ya Rais Moi. Gharama ilitajwa kuwa kiasi cha dola milioni 200 za Marekani, sehemu kubwa ikiwa ni fedha za kukopa.

Mama mmoja, Profesa Wangari Maathai, yule wa chama cha kupanda miti cha Green Belt, akaandika barua. Hakuwa na silaha nyingine. Aliliandikia gazeti lenyewe, akaiandikia ofisi ya Rais, akamwandikia hata Balozi wa Uingereza, akiuliza kama Waingereza wangekubali jengo la namna hiyo katikati ya Hyde Park ya London. Bustani ile ilikuwa imefunguliwa mwaka 1969, na kwa watu wasio na ua nyumbani kwao ndiyo iliyokuwa mahali pa kukaa na watoto siku ya Jumapili bila kulipa kitu.

Basi alisemwa. Novemba ile wabunge waliacha shughuli zao wakasimama mmoja mmoja kumtukana, yeye na wenzake, hata habari za ndoa yake zikaingizwa. Rais mwenyewe alisema kwamba wanaopinga wana wadudu vichwani, na kwamba mwanamke wa Kiafrika yampasa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Alikwenda mahakamani, kesi ikatupwa. Chama chake kilikuwa kimepanga katika jengo la serikali. Wakatolewa humo, wakahamishia meza na mafaili nyumbani kwake.

Na sisi? Sisi tulicheka. Hapana budi kulisema, maana ndilo linalotufanya tuandike. Mwenzetu mmoja alisema mama huyu amekosa mtu wa kumkataza, nasi tukacheka sote, wanawake kwa wanaume. Tulidhani yeyote anayekataa ghorofa 60 anakataa maendeleo. Mwaka uleule tuliwaambia watoto wa darasa la tano wachore picha ya maendeleo. Karibu wote walichora majumba marefu yenye madirisha mengi, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuona jengo refu kuliko la mkuu wa wilaya. Tukawapa alama nzuri. Mtoto mmoja alichora mfereji wa maji unaopita katika shamba la maharage. Tulimpa nne kwa kumi, tukaandika kwa wino mwekundu: hukuelewa swali.

Mwanzoni mwa mwaka 1990 wenye fedha wa nje walianza kujitoa. Maxwell alikufa mwaka 1991, na baada ya kifo chake ikajulikana kwamba makampuni yake yalikuwa na madeni makubwa na kwamba fedha za pensheni za wafanyakazi wake zilikuwa zimechukuliwa. Februari 1992 ua wa mabati uliozungushiwa kiwanja ukang'olewa. Mwezi uleule akina mama wa wafungwa wa siasa wakaja kukaa katika bustani ileile wakifunga kula, wakiomba wana wao waachiliwe. Polisi walipowapiga na kuwatawanya mwanzoni mwa Machi, walikimbilia jirani, katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la Waanglikana wenzetu, wakakaa humo karibu mwaka mzima mpaka wengi wa wafungwa wakatoka. Tumewaza mara nyingi: kama jengo lile lingekuwa limesimama, mama wale wangekaa wapi? Kwenye maegesho?

Hapo ndipo ugumu wa swali letu unapoanza. Mambo hayo hakuna aliyeyaona mwaka 1989. Wangari Maathai hakujua habari ya madeni ya Maxwell wala ya akina mama wa wafungwa. Alijua tu kwamba majani yale ni ya watu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafa mwaka 2011, na dunia yamkumbuka. Lakini mtoto anayekimbia leo juu ya majani yale hamshukuru mtu, maana kwake hapo hapakosekani kitu. Wema wa namna hii hauna jiwe la msingi. Wala haumaliziki, kwa kuwa jengo likishajengwa limekwisha, ila uwanja mtupu hutamaniwa kila mwaka. Mwaka 2019, barabara ya juu ya Nairobi ilipopangwa kumega ukingo wa bustani ile, watu walilazimika kupiga kelele upya, na ramani ikabadilishwa.

Lakini msituelewe vibaya. Si kila kisichojengwa kimezuiwa na hekima. Nairobi hiyohiyo, mwaka 2017, Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa mnara wa The Pinnacle huko Upper Hill, uliotazamiwa kupita mita 300 na kuwa mrefu kuliko yote ya Afrika. Ukakwama katika magomvi. Hapo hatuoni wa kumsifu, tunaona shimo tu.

Na huku kwetu tunao mfano unaotusumbua zaidi. Wazee wa Mlalo watakumbuka hadithi ya matuta. Baada ya vita, kuanzia mwaka 1946, serikali ya Mwingereza iliwalazimisha watu wachimbe matuta mashambani kuzuia udongo usiteremke na mvua. Kazi ilikuwa nzito mno, na mzigo mwingi uliwaangukia akina mama. Watu wakakataa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Tulilelewa tukisifu kukataa kule, na kweli kulikuwa kukataa kuswagwa kama ng'ombe. Lakini udongo haukuacha kuteremka kwa sababu Mwingereza ameshindwa. Miaka ya 1980 tulisimama sisi wenyewe mbele ya wanafunzi, koleo mkononi, tukiwafundisha kuchimba makinga maji na kupanda majani ya kushika kingo. Waliokataa walikuwa na haki, na mlima nao ulikuwa na haki yake. Basi anayesema "hapana" hajamaliza kazi. Lile lililowafanya wengine watake kujenga bado liko palepale linangoja.

Tuna deni letu wenyewe katika jambo hili. Zamani, katika kanisa dogo la mlimani ambalo hatutalitaja, tulikuwa katika kamati iliyochangisha fedha za mnara wa kengele. Mawe yalibebwa na akina mama kutoka mtoni, kichwani, Jumamosi kwa Jumamosi. Kisha upepo ukaezua bati za shule, nasi katika kamati tukakata shauri fedha ziende huko. Mpaka leo twaamini tuliamua vema. Watoto hawawezi kusoma wakilowa. Lakini hatukuwaita waliotoa tukawauliza. Tulitangaza tu, baada ya mambo kwisha, kati ya tangazo la ndoa na la ubatizo.

Bibi mmoja mjane alikuwa ametoa kuku watatu kwa ajili ya kengele ile. Alitaka, alivyosema, isikike mpaka ng'ambo ya bonde, alikozikwa mume wake. Alitujia baada ya Misa, akasalimu vizuri, akauliza, "Mwalimu, mnara wetu umefika wapi?" Tukamweleza habari ya bati, kwa urefu, kama walimu tunavyopenda kueleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, baba, watoto wasome. Lakini mngeniambia."

Mawe yale yalikaa pembeni ya kanisa miaka mingi, mpaka mengine yakachukuliwa kuzuia ngema ya barabara. Tukipita pale huyatafuta kwa macho. Mkutano wa habari ya uwanja wa mkuyu utakuwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili, chini ya mkuyu wenyewe. Wajane na wale wasiozoea kusema mbele za watu tunawaomba waje mapema, wakae mbele.