Kura Hamna, Sauti Mnayo

Wanangu wa Dagahaley, nimewasikia. Kila mkikusanyika pale kwenye kibanda cha kuchajia simu mnasema neno lile lile: redio na televisheni zinawadanganya wazee, nyinyi haziwawezi. Kijana wa leo, mnasema, anajua kituo gani ni cha nani na gazeti gani linaegemea wapi. Na hata hivyo uchaguzi ni wa Wakenya, nyinyi wengine ni watazamaji tu. Mimi nimezeeka nikisahihisha insha za watoto wa kambi hii, basi niruhusuni nisahihishe na hili.

Tuanze na huo utazamaji. Novemba 2024 Wamarekani walipiga kura, na hapa hakuna aliyepanga foleni. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile rais alipoapishwa, ilitiwa sahihi amri ya kuusimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Watu waliokuwa wamemaliza mahojiano na vipimo vya afya wakaambiwa wangoje, bila kuambiwa mpaka lini. Machi ikanyamaza Sauti ya Amerika ya Kisomali, wazee tukabaki na BBC, ambayo imekuwa ikitutangazia tangu 1957. Fedha za misaada zikakatwa na mgao ukapungua. Mpiga kura wa kule hajawahi kukutana na mtu wa Dagahaley. Alichokijua juu yenu alikipata kwenye skrini, kutoka kwa mtu aliyekuwa akitafuta kura yake.

Hapa Kenya nako ni hivyo hivyo. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, naibu wa rais aliupa Umoja wa Mataifa miezi mitatu uiondoe kambi ya Dadaab, ambayo Dagahaley yetu ni sehemu yake. Mei 2016 serikali ikatangaza rasmi kwamba inaifunga, mwaka mmoja na ushei kabla ya uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo Februari 2017. Miaka ile nilikuwa nikifungua gazeti nikiona jina la kambi yetu, najua kabla ya kusoma kwamba neno ugaidi haliko mbali. Kwa hiyo msiniambie hamjui kutangazwa ni kitu gani. Mmekua mkitangazwa.

Sasa niwaguse pale panapouma. Mnasema hamuamini redio. Sawa, lakini naona mnachokiamini. Sauti inaingia WhatsApp usiku: dakika mbili, mwanamume anahema kama aliyetoka mbioni, anaanza kwa "ndugu zangu", hasemi jina lake, hasemi yuko wapi wala leo ni siku gani, na anamaliza kwa kuwataka muisambaze kwenye makundi yote. Mwanangu akiulizwa imetoka wapi, anajibu imetoka kwa binamu yake Eastleigh. Na binamu? Kaipata kwenye kundi la ukoo. Hapo ndipo upelelezi unapokwisha, kwa sababu nani atamtuhumu binamu yake kwa uongo? Redio mnayoidharau ina jina, ina leseni, ina masafa, na ina mlango ambao mtu mwenye hasira anaweza kwenda kuubisha. Sauti ile haina hata kimoja katika hivyo. Imeazima uaminifu wa nasaba yenu na kuingia nayo ndani.

Wanaotunga vitu hivi wanalijua hilo. Juni 2022, miezi miwili kabla ya uchaguzi, mtafiti Odanga Madung wa shirika la Mozilla alichapisha ripoti juu ya TikTok nchini Kenya. Alikusanya video zaidi ya 130 zenye chuki na uzushi wa kisiasa, zilizokuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4, nyingine zikichokonoa jeraha la ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Ghasia zile ziliua watu zaidi ya 1,100. Wakati ule tulizozilaumu zaidi zilikuwa redio za lugha za mama, na baadhi zilistahili. Lakini mkumbuke pia kwamba tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na pengo lile likajazwa na ujumbe mfupi wa simu usio na mwenyewe. Sijawahi kushawishika kwamba kuzima redio kulitusaidia.

Lakini sikuandika haya ili niwafundishe kuogopa simu. Nimeandika kwa sababu ya kazi mnayoifanya kila siku bila kuiita kazi. Taarifa ya saa moja inasomwa kwa Kiswahili, ya saa tatu kwa Kiingereza. Nyanya zenu hawajui hiki wala kile. Wanaokaa pembeni mwao wakiwafasiria ni nyinyi, mliosomea shule hizi za mtaala wa Kenya. Nimeshuhudia, tena si mara moja: mtangazaji anasema "mgombea amedai", kijana anafasiri "imethibitishwa". Mtangazaji anasema "matokeo ya awali", kijana anasema "ameshinda". Bibi naye anaamka asubuhi anakwenda kuchota maji, na kufikia saa nne bloku nzima inajua kitu ambacho hakuna redio iliyokitangaza. Kura hamna, ni kweli. Lakini kituo cha utangazaji ni nyinyi, na wasikilizaji wenu wengine wana kipande na wanapiga kura Dadaab mjini, Liboi na Garissa, maana koo hazikukatwa na ua wa kambi.

Mnakumbuka uchaguzi wa rais wa Agosti 2022? Tume ya uchaguzi ilibandika Fomu 34A za matokeo kwenye tovuti yake, moja kwa kila kituo cha kupigia kura, vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye bando aweze kuzifungua. Televisheni zikaanza kujumlisha, kila moja kivyake. Hii inaonyesha Ruto anaongoza, ile inaonyesha Raila. Kwenye hoteli moja hapa sokoni watu walikuwa wakigombania rimoti, kila upande ukishikilia kituo chake kama bendera. Na vituo vyote viwili huenda vilikuwa vikisema kweli! Vilikuwa vimeanza kuhesabu fomu kutoka kona tofauti za nchi. Baadaye vikapunguza kasi, vingine vikanyamaza, na kimya kile kikazaa uvumi mkubwa kuliko zile tarakimu. Tarehe 15 tume ikamtangaza Ruto kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, makamishna wanne wakajitenga na matokeo, na tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikayaidhinisha, baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba fomu za tovutini hazikutofautiana na zile halisi. Mimi nilichojifunza ni kufungua fomu mwenyewe. Si kazi ya mwanasheria: ina jina la kituo, kura za kila mgombea, zilizokataliwa, na sahihi za mawakala. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuijumlisha.

Mtaniuliza, na mna haki: wazee je? Tunakaa chini tunagawana viti kwa koo kabla debe halijafunguliwa, tunaita maridhiano, kisha siku hizi tunatangaza mubashara kwenye Facebook ili ionekane jambo limekwisha. Hilo nalo ni kutumia vyombo vya habari kumwambia mpiga kura kwamba kila mtu ameshaamua. Kule Mandera baraza la wazee wa Garre liliwaambia waliokuwa madarakani wasitetee viti vyao 2017. Gavana Ali Roba akakaidi, akagombea, akashinda. Mnapenda kunikumbusha kisa hicho, nami sikasiriki sana. Maridhiano yameepusha damu mahali pengi, lakini mzee anayeogopa kuulizwa swali na kijana asiite uamuzi wake wa ukoo mzima.

Uchaguzi wa Agosti 10, 2027 si mbali. Wenye kipande wajiandikishe mapema, wasingoje wiki ya mwisho. Wale Wakenya ambao alama zao za vidole ziliingia kwenye daftari la wakimbizi wakati wa njaa, kisha wakanyimwa kitambulisho, waendelee kusukuma kesi zao na wasichoke. Nyinyi wengine mna ule usiku wa kuhesabu. Bibi atauliza nani anaongoza. Mwambie kwanza ni fomu ngapi zimehesabiwa kati ya ngapi, na ni nani aliyezihesabu, ndipo umtajie jina. Akinung'unika kwamba mtoto wa jirani amemjibu haraka zaidi, mmiminie chai, umsomee fomu ya kituo walichopigia kura jamaa zake.