Mpita Njia Hana Zamu

Nilikuwa nimebeba lita 80 za maji. Mitungi minne ya lita 20, imefungwa kwa kamba nyuma ya kiti changu, ndani ya matatu kuukuu niliyoing'oa viti vyote vya abiria. Palipokaa abiria sasa pana godoro, jiko la gesi na pazia la leso. Mpango ulikuwa mwepesi: Nairobi, Isiolo, Marsabit, Moyale, kisha nigeuze. Peke yangu. Wiki mbili bila bosi, bila shangazi wa kuniuliza nitaolewa lini.

Ukishapita Archer's Post, nchi inafunguka ghafla. Ololokwe unabaki kushoto kama meza ya jiwe, halafu ni lami, miiba na anga. Nilishusha kioo nikapiga kelele, nikajicheka. Aki nilijisikia huru.

Nilipokaribia Merille nikamwona mvulana. Labda miaka tisa. Amesimama ukingoni mwa lami, mbuzi nyuma yake, ameinua chupa tupu ya soda. Hakupunga mkono, hakuita. Aliinua tu chupa, na ukipita barabara ile wakati wa kiangazi huhitaji kuelezwa maana yake. Nilikuwa kwa kilomita 90 kwa saa. Nikapita. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona akiishusha.

Nataka kuandika niliyojiambia kwa kilomita kumi zilizofuata, maana nadhani wengi wetu tunayajua kwa moyo. Kwanza: mimi ni mwanamke niko peke yangu, siwezi kusimamisha gari kwa watu nisiowajua. (Mtoto wa miaka tisa na mbuzi.) Pili: nikimpa huyu, mbele kuna wengine, na mitungi ni minne tu. Tatu: ukiwapa watoto maji barabarani unawazoesha kusimama karibu na malori. Nne: kwani mimi ni serikali ya kaunti?

Hoja hizi si za kijinga. Ya tatu inaninyima raha hadi leo. Lakini zote zilikuja baada ya kupita. Mguu uliamua kwanza, ndipo akili ikafika mbio kuandika barua ya kuutetea.

Na hoja ya pili, ile ya kwamba maji hayatoshi wote, ina historia nchini mwetu. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo ziende penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, mahali zitakapozaa zaidi. Ndiyo hesabu yangu ya pale Merille, ila imepigwa chapa na kuwekewa nambari. Lami hii ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, ilikuja kukamilika miaka ya 2010, nusu karne baada ya uhuru. Usishangae ukifika huku na kuulizwa, "Umetoka Kenya lini?"

Swali hilo niliulizwa Marsabit, na mzee aliyekuwa akiniziba pancha. Tulipoanza kuongea habari za ukame, akanisimulia visima vya Waborana na Wagabra. Vingine ni virefu hata mtu mmoja hawezi kuteka. Wanaume wanasimama ndani kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, ndoo inapanda kutoka mkono hadi mkono, na wanaimba ili mikono isipoteane.

"Na mwenye kisima ni nani, mzee?"

"Aliyechimba na ukoo wake. Halafu kuna abba herega, yeye anapanga zamu. Leo ngamia wa huyu, kesho ng'ombe wa yule. Zamu inaheshimiwa sana."

"Na mpita njia? Yeye zamu yake ni lini?"

Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Mpita njia hana zamu. Anakunywa."

Usiku ule nililala na sentensi hiyo kwenye godoro langu. Mimi nilidhani kumiliki kitu ni kuwa na haki ya kukataa. Kwa mzee, mwenye kisima ana kazi nyingi kuliko wengine na haki ya kwanza ya kunyweshea mifugo, lakini kiu ya mtu hawezi kuiwekea foleni. Na uhuru wangu je, ule wa kupigia kelele dirishani? Nilikuwa nimeuelewa hivi: hakuna anayenidai. Basi nikaanza kuhesabu. Kitanda kilichomelewa na fundi wa Gikomba aliyenikopesha hadi mwisho wa mwezi. Barabara ni ya kodi za watu. Nikafika kwenye maji. Yale maji yenyewe nilijaziwa bure kwenye kituo cha mafuta Isiolo, na kijana wa pampu alikataa hata shilingi hamsini. "Maji, madam? Wacha tu," alisema, nami nikasahau kabla sijafika Archer's Post.

Nikirudi kutoka Moyale nilipunguza mwendo kabla ya Merille. Mvulana hakuwepo. Kulikuwa na mama mwenye mtungi wa manjano. Nikasimama mbali kidogo na lami, nikammiminia mtungi mzima. Alimpa mtoto kwanza, akanywa, akachungulia ndani ya gari.

"Uko peke yako?" aliuliza kwa Kiswahili, sauti ikiwa na huruma kabisa.

Sikujua nijibu nini.

Mbele kidogo wachungaji wawili. Nikawapa uliobaki. Mbele tena, mzee mmoja, chupa juu. Huyu ndiye niliyemwogopa tangu siku ya kwanza: yule nitakayemfikia mikono mitupu. Ili nisikutane naye, nilikuwa tayari kuwapita wote waliomtangulia.

Nikasimama. Nikashuka, nikamwonyesha mtungi, nikaugeuza mdomo chini. Akautazama, akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Akanishika mkono, tukaulizana habari za njia. Kisha akarudi kwenye kivuli cha mgunga wake kungoja gari lingine, nami nikawasha langu.