Alitaka goli tu

Mwezi uliopita, kwenye mechi ya vijana hapa Nyalenda, mchezaji wetu mmoja alimwita beki wa upande wa pili shoga, ili tu kumvuruga. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa nimevaa jezi ya kanisa.

Refa hakusikia. Usiku nikakumbuka kriketi (ndio, ule mchezo uliotufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, enzi za kina Steve Tikolo). Februari 2019, kule St Lucia, Shannon Gabriel wa West Indies alimtupia Joe Root, nahodha wa Uingereza, maneno ya aina hiyo. Maikrofoni ilinasa jibu la Root peke yake: hilo lisitumiwe kama tusi. Gabriel alikubali kosa, akaomba msamaha, akakatwa asilimia 75 ya malipo ya mechi. Mimi nilisoma biashara. Faini peke yake ni bei. Mwenye pesa atalipa, atukane tena. Kilichouma ni pointi za utovu wa nidhamu: zake zilifika 8 ndani ya miezi 24, akakosa mechi 4 za siku moja.

Msimamo wa kanisa kuhusu ndoa mnaujua, wala sijaugusa. Lakini ukiniambia kijana wetu alikuwa anatetea kweli, nitakuuliza: mbona alingoja mpira wa kona?

Tumemtoa kikosini mechi 2. Mimi niliyecheka nimeomba msamaha mbele ya timu. Yule beki bado hajarudi kucheza. Jumamosi naenda kwao.