Haki ya Machozi

Asiyekuwapo na lake halipo, husema methali. Hukumu hiyo ni nzito kwa wapendanao waliotengwa na nchi na bahari, na washairi wa mataifa mengi wamejaribu kuitengua. Mmoja wao ni John Donne wa Uingereza, ambaye shairi lake la kuaga, lenye kukataza maombolezo, lilipigwa chapa mwaka 1633, miaka miwili baada ya kufa kwake. Izaak Walton, aliyeandika habari za maisha yake, alisimulia kuwa Donne alimpa mkewe Anne shairi hilo mwaka 1611, alipofuatana na bwana mmoja tajiri kwenda Ufaransa. Masimulizi hayo yametiliwa shaka na wataalamu. Lakini kwamba safari ilifanyika, na Anne akaachwa mja mzito, hakuna ubishi.

Ombi la shairi ni moja: mke asilie. Msemaji huleta hoja zake kama wakili, na Donne kweli alisomea sheria. Watu wema hukata roho kimya; mapenzi yaliyosafika hayategemei macho wala mikono; roho mbili zilizoungana hutanuliwa na umbali kama dhahabu inayofuliwa, ambayo huwa nyembamba mno isikatike.

Ana haki gani aendaye kumkataza machozi abakiye? Msafiri hupata njia mpya, nyuso ngeni na shughuli za kumsahaulisha. Abakiye ana nyumba ile ile. Januari 1612, mumewe angali ng'ambo, Anne alijifungua mtoto maiti. Kusifu mapenzi yasiyohitaji mwili ni rahisi kwa mwanamume. Mwili wa mwanamke yule ulikuwa umebeba mimba yake.

Hata hivyo, shairi lina insafu kuliko kichwa chake. Picha yake mashuhuri ni ya bikari, chombo cha kuchorea duara. Mguu mmoja husimama katikati, wa pili hutembea. Msomaji wa haraka hudhani uliosimama hauna kazi. Donne huona vingine. Mguu huo huinama kwa kadiri mwenzake unavyokwenda mbali, kana kwamba unausikiliza, nao huinuka mwenzake unaporejea. Tena ukitikisika, duara huharibika. Basi unyofu wa safari nzima umo katika uthabiti wa abakiye, na msafiri huungama kuwa yeye ni mdeni.

Lakini mfano una ufa. Mguu uchorao duara, ukitimiza mzunguko, hurudi pale ulipoanzia kuchora; haukukaribia kitovu hata kwa unywele mmoja. Kufika nyumbani ni mwendo mwingine: sharti bikari ikunjwe na duara liachwe. Donne ametia miendo yote miwili katika picha moja, kana kwamba kumaliza shughuli za safari na kumrudia mke ni jambo lile lile. Wake wengi wa mabaharia wangeweza kumsahihisha.

Jibu la Anne halimo katika shairi. Alifariki mwaka 1617, siku chache baada ya kujifungua tena, akiwa na umri wa miaka 33. Donne alimtungia maandishi ya kaburi kwa Kilatini, na humo akajitaja kuwa mume aliyefanywa bubu na majonzi.